Kamba ya Shaame Bingwa

Hii nilipewa na Bi Fumu, mkunga aliyenizalisha mama yenu. Mikono yake mizito, ulimi mwepesi. Basi alisema hivi.

Hapo zamani palikuwa na Jumbe, mcha Mungu kweli. Kamari akiichukia mno, ila ushuru wake hakuuchukia hata kidogo. Akatoa amri: ukishinda mbuzi kumi kwenye kamari, mmoja wa Jumbe. Kila mchezaji aweke kumbukumbu, mkaguzi atapita. Asiyelipa, nyumba yake inachukuliwa.

Shaame alikuwa bingwa. Bingwa wa nini, mtasikia. Kuandika hajui, akamwambia mkewe Mize, "Nikishinda mbuzi nakwambia, nawe unafunga fundo kwenye kamba."

Kila jioni huyo, kifua mbele. "Mize, funga fundo!"

"Na uliopoteza?"

"Nani, mimi? Nipoteze?"

Mize akitazama chungu, maji matupu. Lakini mume kasema. Anafunga.

Mwaka ukaisha, mkaguzi akaja, akavuta kamba, haiishi. Mafundo mia mbili! "Hongera bwana. Lete mbuzi ishirini."

Shaame hana hata kuku. Akisema kweli, mji mzima utamcheka. Asiposema, nyumba inakwenda. Bingwa wetu akainua shingo. "Chukueni nyumba!"

Mize akapiga kelele. "Bwana mkaguzi, mafundo haya uongo mtupu! Mwaka mzima tunakunywa uji!"

"Siku ya ushuru kila mke husema hivyo."

Akatokea mama yake Shaame na kikapu cha kokoto. "Kila akipigwa kamarini anakuja kwangu analia, nampa mbuzi, naweka kokoto. Zizini kwangu sasa wanalala panya."

"Mama, kokoto zimejaa mtoni," akasema mkaguzi.

Ndipo Faki, aliyekuwa akicheza na Shaame, akasimama, hakuweza kutazama nyumba ya mwenzake ikienda. "Mbuzi wale nilishinda mimi. Na ushuru sikulipa hata ukwato."

Faki akatozwa ushuru na faini juu, akabaki na beberu mmoja, chongo. Deni la Shaame likafutwa. Lakini kesi ilipofika kwa Jumbe, akasema, "Mtu anayetoa nyumba ili asichekwe, hiyo si nyumba yake tena. Apewe aliyeiokoa."

Mize akasema, "Ni mimi. Nimemvua nguo mume wangu mbele za watu."

"Bila kokoto zangu nani angekusikiliza, mkwe?" akasema mama.

Faki akasema, "Nyie mmetoa maneno. Mimi nimetoa mbuzi!"

"Mbuzi wangu hao, mwizi we!" mama akadakia.

Shaame naye akanyoosha mkono. Akaambiwa aushushe.

Haya wajukuu zangu. Mmoja alifunga uongo mwaka mzima, mmoja alimlisha mcheza kamari, mmoja alificha ushuru. Na bila yeyote kati yao, nyumba ingekwenda. Je, nani alistahili nyumba ile?

Msinipigie kelele wote pamoja. Inukeni mkekani, mkalale, mtagombana kesho.