Pimbi wa Majabalini na Gogo la Mwenyekiti

Paukwa.
Pakawa.
Nimekuja na mpira.
Tupasie.
Si wa duara, una umbo la yai. Ukidunda haujui uendako.
Hata sisi hatujui. Simulia.

Basi hapo kale nchi mbili zilipakana. Nchi ya bondeni ilikuwa ya viboko. Nchi ya majabalini ilikuwa ya pimbi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaoota jua juu ya miamba. Kila nchi ilicheza raga kivyake. Viboko walicheza na viboko, kiwanja kikawa tope. Pimbi walicheza na pimbi, na mchezo ulikuwa mtamu, ila ukikaa mbali huoni kitu.

Siku moja wakasema, tuanzishe ligi inayovuka mpaka, na wachezaji walipwe. Walipwe nini? Nyasi. Maana mpaka siku ile walikuwa wakicheza kwa mapenzi, na mapenzi hayajazi tumbo.

Mwaka wa kwanza iliitwa Ligi ya Nchi Mbili. Mwaka wa pili ngiri wa mbugani wakaingia, ikaitwa Ligi ya Nchi Tatu. Mwaka wa tatu kambare wakaomba nafasi, wakapewa, lakini wao walicheza masika tu, kiwanja kikijaa maji, na wapinzani wao wakawa wanakunywa badala ya kukaba. Mwaka wa nne wakaalikwa mbuni wa jangwani. Mbuni wakatembea, wakatembea, wakatembea. Walipofika wakaambiwa msimu umekwisha. Wakageuka wakarudi kwao, na kwenye msimamo wa ligi wakawa wa pili.

Mwenyekiti wa ligi alikuwa Kiboko mmoja, pande la kiboko, aliyechaguliwa kwa kura zote, kwa kuwa alipiga kura peke yake. Mwaka wa tano akaiita Ligi ya Mwenyekiti. Akawafukuza kambare kwa sababu wameloa. Akawafukuza ngiri kwa sababu wanapiga magoti wakila, na kupiga magoti, alisema, kunapunguza kasi ya mchezo. Mbuni hakuwafukuza. Walikuwa njiani.

Zikabaki timu mbili. Timu ya Bondeni ilikuwa na mchezaji mmoja, yaani Mwenyekiti mwenyewe, aliyesajiliwa mara kumi na tano. Timu ya Majabalini ilikuwa na pimbi kumi na tano, na nahodha wao alikuwa Bi Chonge, pimbi mama wa watoto wanne, mwenye meno mawili marefu na sauti ya kukwaruza.

Mwaka huo mvua ikagoma. Nyasi zikakauka kote, zikabaki za kiwanjani tu, kwa sababu kiwanja kilikuwa na chemchemi chini yake. Na kiwanja kililala juu ya mpaka: nusu bondeni, nusu majabalini, na mstari wa katikati ndio huohuo mpaka wa nchi. Huku mwisho kuna gogo la viboko, kule mwisho kuna gogo la pimbi. Ukiugusisha mpira chini nyuma ya gogo la mwenzako, umepata pointi tano.

Mwenyekiti akatoa kichwa majini akatangaza sheria mpya. "Nyasi zilizo nyuma ya gogo la timu ni za timu hiyo. Nyasi zilizo kati ya magogo ni za ligi, haziliwi. Na atakayeshindwa fainali anatoka ligini, na malisho yake yote anachukua bingwa."

Pimbi wakatazamana. Mjomba Kidole, mchezaji mkongwe kuliko wote, akasema, "Basi tumekufa. Yule akikaa tu, amekaa juu ya timu nzima."

 Bi Chonge alikuwa akiwatazama watoto wake wakilamba ukoga kwenye jiwe. Kisha miguu ikampeleka mtoni.

"Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Sema, nina njaa."

"Nimekuja kulalamika. Tunaona aibu sisi wadogo. Gogo lako liko nyuma mno, nyasi ndefu zote zimebaki mbele yake. Mtu mzito kama wewe kula robo kiwanja, majirani watasemaje?"

Kiboko akazungusha masikio. Pru, pru. "Na gogo lenu?"

"Letu tutalisogeza nyuma. Tumbo la pimbi hujazwa na kiganja."

Kiboko akafikiri. Akapiga hesabu hivi: gogo langu likienda mbele, nyuma yangu kunakuwa kukubwa. Gogo lao likienda nyuma, nyuma yao kunakuwa kudogo. Akacheka mpaka maji yakamwagika ukingoni.

Akatoka. Akalisukuma gogo kwa pua. Kwaruu, kwaruu, hatua kumi. Akala nyasi za nyuma, akazimaliza. Akatazama mbele ya gogo. Mbele ya gogo nyasi ndefu zaidi.

Kesho yake akalisukuma tena. Kwaruu, kwaruu, hatua kumi. Akala, akazimaliza. Akatazama mbele ya gogo. Mbele ya gogo nyasi ndefu zaidi.

Kiboko mbele, pimbi nyuma. Pimbi walilibeba gogo lao mabegani, "hobe, hobe", wakalirudisha hadi mguuni mwa jabali. Kesho yake wakalipandisha kiunoni mwa jabali. Keshokutwa wakalifikisha kileleni kabisa, ambako paliota nyasi tisa.

"Bi Chonge," Mjomba Kidole akasema, akihema, "nimezihesabu. Tisa. Na moja ni mwiba."

"Kula huo mwiba, Mjomba. Sisi tutagawana nane."

Siku ya nane Kiboko akafika hatua tatu tu kutoka mpakani. Hatua kumi nyingine zingeuvuka mpaka, na mpaka wa nchi hausogezwi, hata na mwenyekiti. Nyasi za mwisho nyuma ya gogo zilikuwa ndefu na laini, zimelala kama nywele zilizopakwa mafuta. Hakuzila. Aliziweka za sherehe ya ushindi.

Siku ya fainali akaja mwamuzi, Kobe. Alikuwa mwamuzi mwaminifu sana, ila alikuwa na sharti lake: jambo ambalo hakulifikia kwa miguu yake, halikutokea. Akakikagua kiwanja kutoka pale aliposimama katikati.

"Kitabu kinataka magogo mawili," akasema. "Magogo ni mawili. Chezeni."

Priii.

Bi Chonge akaupiga mpira kidogo mbele, mpira ukadunda, pwi, Mjomba Kidole akaudaka, akapiga hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Akaruka gogo, akaugusisha. Tap. Kobe akanyoosha shingo, akasogea kidogo, akafika. "Tano."

Kiboko alikuwa bado anageuka.

Mara ya pili Kiboko akaushika mpira. Ardhi ikatetemeka. Du, du, du, akavuka mpaka, akapita katikati ya pimbi waliomkwepa kama maji yanavyokwepa jiwe, akafika mguuni mwa jabali. Akatazama juu. Gogo liko juu kabisa, karibu na mwewe. Akaweka mguu mmoja, akaweka wa pili. Akapanda urefu wa mbuzi. Kisha akateleza, burutuu, mpaka chini. Alitaka kutoa pasi, lakini pasi ya raga hurushwa nyuma, na nyuma yake hakukuwa na mtu. Wote kumi na wanne waliobaki walikuwa yeye.

Mpira ukamponyoka. Pimbi wakauchukua, huyoo, wakaurudisha mpakani mkono kwa mkono. Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Tap. "Tano," akasema Kobe.

Akapanda tena, akateleza tena, burutuu. Hatua moja, hatua mbili, hatua tatu. Tap. "Tano."

Ilipofika sabini kwa sifuri, Kiboko akasimama katikati ya kiwanja anahema kama mvukuto wa mhunzi.

"Gogo langu liko karibu," akasema polepole, kama mtu anayeamka.

Bi Chonge akapiga hesabu. Akikubaliana naye, mchezo unageuka. Akibisha, atakanyagwa. Akasogea mbele, akainamisha kichwa.

"Kweli, Mwenyekiti, liko karibu. Sisi tuko radhi ulirudishe nyuma kule lilikokuwa. Ila sheria ni yako wewe mwenyewe: hizi nyasi zitakuwa mbele ya gogo. Zitakuwa za ligi."

Kiboko akalitazama gogo. Akazitazama zile nyasi ndefu, laini, zilizolala. Upepo ukazipuliza kidogo, zikanukia utamu. 

"Liacheni," akasema.

Wakaliacha. Pimbi wakashinda mia moja na kumi kwa sifuri. Kobe akapuliza filimbi, akasoma sheria: aliyeshindwa anatoka ligini, na malisho yake anachukua bingwa. Pimbi wakateremka na watoto wao, wakala nyasi za sherehe. Mjomba Kidole akala mpaka akashindwa kukunja shingo. Bi Chonge hakula kwanza. Aliketi juu ya lile gogo, akawatazama watoto wake wanne wakitafuna, akalia kidogo, kisha akachaguliwa mwenyekiti kwa kura zote. Waliopiga kura, simjui mwingine zaidi yake.

Kiboko akakata rufaa. Aliandika barua ndefu, akampa Kobe aipeleke. Kisha akaingia mtoni, akabakiza pua na macho nje ili jibu likija alione. Mpaka leo anangoja. Kobe yuko njiani, na mwendo, nasikia, anao mzuri.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni kwamba ujanja haulipi. Anayelipwa ni yule anayefanya mazoezi, anayewatii wenyeviti, na asiyegusa nyasi za ligi. Atakayeuliza mbona pimbi wamenenepa, huyo hakusikiliza vizuri.

Ngano yangu nimeirusha nyuma, kama raga itakavyo. Aliyeko nyuma yangu aidake.