Doto Alidai Kaa Lake

Sogeeni. Sogeeni mpaka magoti yagusane, viazi bado havijaiva. Mwanaidi, mwache mwenzio. Sijaanza nishasikia vicheko! Nyamazeni, nataka nisikie kuni tu.

Paukwa!

"Pakawa!"

Hamkula mchana? Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya. Hapo zamani za kale mbingu ilikuwa shamba, na humo shambani palikuwa na kijiji kinaitwa Kilimia. Ndizo zile nyota zilizosongamana, wakulima wakiziona wanatoa majembe uvunguni. Kijiji kilikuwa na nyumba sita. Kila jioni Mzee Mwezi alipita na kigae cha makaa ya moto. Kila mtu kaa moja, awashie jiko lake. Ukikosa kaa jioni tatu, unazimika.

"Kabisa, bibi?"

Kabisa. Hata moshi haubaki.

Nyumba ya tatu walikaa pacha, Kulwa na Doto. Kulwa mkubwa, anawaka mpaka unafumba macho. Doto mdogo kama punje ya mtama. Walishikana mikono wakizungukana, wakizungukana, usiku na mchana, maana wakiachiana tu kila mmoja anapotelea kwake. Ndivyo walivyozaliwa.

Sasa huyu Mzee Mwezi alikuwa mvivu. Haingii uani. Anasimama nje ya uzio, anahesabu kwa macho: "Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Makaa sita. Basi!"

Mlangoni pa pacha likadondoka kaa moja. Kulwa akalipokea. Doto akabaki na majivu.

"Shikamoo, Mzee Mwezi!" akaita.

"Marahaba, Kulwa."

"Mimi si Kulwa, mimi Doto! Langu liko wapi?"

"Lako lipi? Nimehesabu kwa macho yangu. Hapa mtu ni mmoja."

"Na huyu anayesema nawe ni nani?"

"Mwangwi," akasema Mzee Mwezi, akaenda zake.

"Mwangwi! Jamani, bibi!"

Mwangwi, wajukuu zangu! Binti wa watu ana jina lake, anaambiwa mwangwi. Doto alikasirika mpaka meno yakagongana.

Jioni ya pili Mzee Mwezi akaja. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Makaa sita. Basi! Doto akabaki na majivu. Safari hii akamwita jirani, Sikitu wa nyumba ya nne.

"Dada Sikitu, wewe unatuona kila siku. Si umwambie mzee kwamba tuko wawili?"

Sikitu akajikuna shingo. "Nakuona, ndiyo. Lakini makaa ni sita, mdogo wangu. Ukihesabiwa wewe, atakosa nani? Nyamaza tu, uote joto la dadako."

"Kwa hiyo unaniona na unanikana?"

"Usinipandishie sauti!" Mlango pwa!

"Huyo mbaya kuliko Mwezi!"

Umenena, Shomari. Mwezi hakuona. Huyu aliona.

Jioni ya tatu Doto alikuwa mwekundu kama utambi unaokata roho. Kulwa akalia. "Pacha wangu, chukua langu tugawane."

"Tukigawana tutazimika wote. Halafu yule mzee atasema alikuwa mmoja, na amekufa mmoja. Sitaki lako, Kulwa. Nataka langu!"

"Utafanyaje?"

"Wewe nishike tu. Usiniachie."

Mzee Mwezi huyo, na kigae chake. Doto akazunguka kama siku zote, ila alipofika mbele ya dada yake, akakaza miguu. Akasimama ti! Mwanga wa Kulwa ukafifia. Huku duniani wakulima wakapiga kelele: "Kilimia kimepungua! Kesho hakulimwi!" Majembe yakarudi uvunguni.

"Moja, mbili..." Mzee Mwezi akakwama. "Kulwa! Mbona giza?"

"Nimekingwa, mzee."

"Umekingwa na nani?"

Hapo Doto akageuka. "Na mwangwi! Na yule asiyekuwepo! Haya niambie, mzee mzima wewe, tangu lini asiyekuwepo akakinga taa?"

Sikitu alikuwa anachungulia dirishani; akajificha.

Mzee Mwezi akafungua uzio, akaingia uani mara ya kwanza tangu azaliwe. Akagusa kichwa cha Kulwa: "Moja." Akagusa kichwa cha Doto, kilikuwa kimeshaanza kupoa: "Mbili." Akatazama kigae. Makaa sita, watu saba. Akawatazama wote, hakuna wa kumnyima. Ndipo akatia mkono kifuani, akatoa kaa lake mwenyewe, akampa.

"Doto akasema asante?"

Hakusema! Ya nini kushukuru kwa kilicho chako? Alilichukua, akawasha jiko lake, kesho yake watu wakalima.

Basi Mzee Mwezi alirithi baridi. Mpaka leo hana moto, anaazima mwanga kwa Jua. Sikitu alirithi kutetemeka, kila akitazamwa. Kulwa alirithi mkono wa kushikwa. Doto alirithi kaa lake, na haki ya kupita mbele ya dada yake: akipita, nyota yao inafifia kidogo, watu wajue kuwa yupo.

Nanyi msimhesabu mtu mkiwa nje ya uzio. Ingieni, mguseni, mwiteni jina. Na ukiona mwenzako karukwa, usikae kimya kwa kuogopea kilicho chako.

Hadithi yangu naiacha hapo, na viazi vimeiva. Leteni vichwa niviguse, mmoja mmoja. Sigawi kwa macho mimi.