Kiti cha Pili Kwenye Mashine ya Mama Tulizo

Haya, sogeeni karibu na jiko, na mwenye simu aitie mfukoni, maana leo simu yenyewe ndiyo itakayosemwa. Nitasimulia mpaka ukingoni, ila uamuzi sitoi mimi. Hapo nitawaachia ninyi mgombane.

Palikuwa na watu watatu huko Njombe, kila mmoja na kipaji chake. Sekela alikuwa na jicho: mpe sweta, kabla hujamaliza kulisifu ameshaona kitanzi kilichoruka. Mzee Mbilinyi alikuwa na mdomo, wala si wa umbea, bali ule wa kumtoa nyoka pangoni. Na Fidelisi alikuwa na bega. Mzigo akishautwika, hautui njiani. Lakini vipaji havijazi sufuria, na msimu ule wote watatu walikuwa hawana kazi ya maana.

Mama Tulizo yeye alikuwa nayo, tena kubwa kuliko mikono yake. Alifuma masweta kwa sindano, barazani kwake. Mkuu wa shule ya sekondari akamwambia atampa kazi ya masweta ya kidato cha kwanza chote, mradi yawe tayari kabla baridi ya mwezi wa sita haijaanza kuuma. Akishindwa, kazi itakwenda kwa mfanyabiashara wa mjini. Kwa sindano? Labda afume na usingizini! Alihitaji mashine, na mashine aliiona kwenye duka la mtandaoni. Duka hilo huuza kwa mkopo: unajaza maombi kwenye simu, wakikukubali unaletewa mzigo, kisha unalipa kidogo kidogo.

Akajaza. Akajibiwa kwamba hajakidhi vigezo. Vigezo gani? Simu haikusema. Sasa Mama Tulizo si mtu wa kuambiwa hapana akaenda zake kulala. Akajaza tena, safari hii akapandisha kipato chake kidogo. Wakakataa. Akajaza tena, akakipandisha zaidi, wakakataa upesi kuliko mwanzo. Machozi yalimlenga. Akayafuta kwa kitenge, na jioni ile, mbele ya majirani waliokuja kusali kwake, akatoa ahadi: "Atakayenifungulia mlango huu ndiye atakayekaa nami mashineni. Faida nusu kwa nusu."

Mashine ile, mjue, hutaka watu wawili: mmoja wa kusukuma, mwingine wa kuunga mikono na shingo ya sweta. Wa tatu ni kugongana viwiko tu, na faida yenyewe ikikatwa vipande vitatu haimshibishi mtu.

Wa kwanza kuja alikuwa Sekela. Aliomba aone maombi yote yaliyojazwa, akayapitia polepole kama anayekagua sweta.

"Dada," akasema, "umeandika vipato vitatu tofauti ndani ya wiki moja. Ningekuwa mimi mwenye duka, ningekuona tapeli."

Mama Tulizo akainama kwa aibu. Sekela hakuishia hapo. Aliona pia kwamba kitambulisho ni cha Mama Tulizo, lakini laini ya simu imesajiliwa kwa jina la Baba Tulizo, aliyemnunulia walipooana. Kwa duka, huyo anayeomba na huyo mwenye simu walikuwa watu wawili tofauti, na nani atamkopesha mtu asiyejulikana ni yupi? Wakaenda pamoja kusajili laini upya, wakasimama foleni mpaka miguu ikawaka moto. Kipato wakaandika kile cha kweli. Wakaomba wakiwa na matumaini tele, na duka likakataa.

Ndipo akaja Mzee Mbilinyi. Yeye alipiga simu kwa huduma kwa wateja, Mama Tulizo akiwa kando yake, na dada aliyepokea akamjibu lile jibu la siku zote. Mzee hakubishana naye. Alimuuliza hali, akamuuliza kwao ni wapi, akamuuliza mama yake anaendeleaje na mguu, maana binti alikwisha kumwambia kwamba mama anaumwa mguu. Hasira za kazi zikamtoka yule binti.

"Mzee wangu," akasema mwishowe, "mwambie mama kuna deni la zamani kwenye kitambulisho chake. Hata ajaze mara mia, litamrudisha."

Mama Tulizo akaruka. Yeye! Yeye ambaye hajaazima hata chumvi asiirudishe! Mzee Mbilinyi akamtuliza kwa mkono, akaendelea kubembeleza, mpaka wakaelekezwa pa kuuliza na wakatajiwa namba ya simu iliyokopa. Mama Tulizo aliijua namba ile.

Ilikuwa ya Fidelisi, shemeji yake. Zamani Fidelisi alikuwa hajapata kitambulisho, na asiye nacho alimwomba ndugu amsajilie laini. Mama Tulizo akaweka kidole chake, kwani ndugu humnyimi kidole. Fidelisi akakopa kwa laini ile, akanunua mbolea ya viazi, jalidi, ule umande wa kuganda, ikaunguza shamba lote. Akaivunja laini akaitupa chooni. Alidhani akitupa laini, ametupa na deni.

Mama Tulizo hakumtaja kwa yeyote. Aliona haya kumshtaki shemeji mbele za watu, na wakati huohuo alitamani kumzaba kofi. Lakini habari haina mlango. Fidelisi akasikia kwamba deni la zamani limeonekana, akaja mwenyewe.

"Shemeji, ni mimi," akasema.

Akaenda akamwuza nguruwe wake jike mwenye mimba, mali pekee iliyombakia baada ya viazi, akalipa deni pamoja na faini iliyorundikana juu yake. Kisha akaenda mjini kwa waliomkopesha, akarudishwa, akaenda tena, akakaa mlangoni kwao mpaka jina la Mama Tulizo likasafishwa. Mama Tulizo akaomba mara moja tu, na duka likakubali.

Mashine ikaja. Asubuhi iliyofuata, watu watatu walikuwa wamesimama barazani.

Sekela akasema kwamba kama si yeye, hata deni lingelipwa duka lingeendelea kuona majina mawili na vipato vitatu. Mzee Mbilinyi akasema kwamba bila yeye wangekuwa bado wanapapasa, kwa kuwa hakuna anayetibu ugonjwa asioujua. Fidelisi akawasikiliza wote wawili.

"Mmoja ameona, mwingine amesema," akajibu. "Mimi nimetoa."

"Umelipa deni lako mwenyewe," Sekela akamkata. "Unataka na zawadi? Mlango uliufunga wewe."

"Ningesema simu iliibwa na mwizi ndiye aliyekopa, mngenifanya nini?"

Wote watatu wakamgeukia Mama Tulizo.

Mama Tulizo aliwatazama, mmoja baada ya mwingine. Ahadi ni deni, naye aliitoa mbele ya watu. Hakuna hata mmoja ambaye ungemwondoa na mashine ikaja. Kukataliwa bila kuelezwa sababu kulimuuma kuliko kukataliwa kwenyewe, na sasa ni yeye anayepaswa kuwakataa wawili kati ya watu waliomsaidia. Nyuzi ziko kwenye vikapu, mkuu wa shule ameshauliza, na mtu mmoja hawezi kuiendesha ile mashine.

Haya, wenzangu, nimefika nilipowaahidi. Kiti ni kimoja. Wewe ungemkalisha nani, na wale wawili ungewaambia nini usoni?