Bi Pimbi na Andiko la Dawa ya Kwikwi

Hapo zamani za kale, watoto wangu, enzi zile mwandiko wa daktari ulipokuwa bado unasomeka, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na maradhi yao kama sisi. Wewe mwenye karanga, ama utafune kimya kimya ama unigawie. Haya.

Katika mwitu wa Mbungoni aliishi Bi Pimbi. Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo wa mawemawe, mnene kama mkate wa mofa, wala hana mkia wa kujivunia. Lakini akili zake zilijaa gunia na nyingine zikamwagika. Kazi yake ilikuwa kutibu kwikwi.

Msicheke! Kwikwi za zamani hazikuwa kama hizi zenu za kunywa maji na kuziba pua. Kwik! moja tu, kima chini kutoka mtini, puu! Swala amejificha kichakani, ametulia, mara kwik! Chui anajua chakula kiko wapi.

Basi Bi Pimbi alihangaika na ugonjwa huo masika matatu mazima. Akachemsha hiki, akaonjesha kile, akahesabu kwik za wagonjwa moja baada ya nyingine, mpaka akaipata dawa. Ilikuwa shubiri iliyochemshwa na magadi kidogo. Mgonjwa mwenye uzito wa pimbi mmoja alipewa kijiko kimoja. Mwenye uzito wa pimbi kumi, vijiko kumi. Ukimeza, kwikwi inaondoka bila kuaga.

Taabu ilikuwa mahali pa kutibia. Wagonjwa walipanga foleni nje, mvua ikiwanyeshea, vifaranga wakitetemeka. Na pango lilikuwepo! Pango Kavu, kubwa, halivuji hata tone. Wazee wa mwitu walikuwa wamekata shauri: pango hilo atapewa yule ambaye jina lake litatangulia kwenye andiko litakalokubaliwa mwaka ule na Jarida la Tiba la Mwitu Mzima.

Mhariri wa jarida hilo alikuwa Bibi Kobe, na Bibi Kobe alisoma kila neno. Anasoma neno, anafumba macho, analitafakari, anasinzia kidogo, anaamka, anasoma la pili. Ukimwamkia "Shikamoo, Bibi" asubuhi, "Marahaba" yako utaipata baada ya chakula cha mchana.

Na masharti yake, mama weee! "Pembeni acha upana wa vidole viwili. Kati ya mstari na mstari, kiwavi apite bila kujikunyata. Muhtasari usizidi pumzi moja ya mbuzi. Marejeo yakae mwisho, nayo yasiwe yametafunwa. Kila mwandishi aseme alifanya nini, kisha atie sahihi kwamba amesoma andiko lote na amekubali kila neno."

Bi Pimbi akayafuata yote. Akaandika kwenye majani ya mgomba, akayashona kwa ukindu, hata kiwavi akamwazima kwa jirani ili apime nafasi. Sasa ukabaki muhuri tu, kwani andiko lolote la tiba halikuondoka Mbungoni bila muhuri wa Mkuu wa Waganga. Mkuu wa Waganga alikuwa Bwana Tembo. Alipataje ukuu? Alikikalia kiti, na hakuna aliyeweza kumwinua.

"Hodi!"

"Karibu. Nani huyo? Mbona simwoni mtu?"

"Niko huku chini, Mkuu. Shikamoo."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Andiko la dawa ya kwikwi. Naomba muhuri wako."

Tembo akalipokea kwa mkonga, akatazama jani la kwanza. Hakusoma, lo! Alikuwa anatafuta kitu kimoja tu.

"Mbona jina langu silioni?"

"Kwa sababu hukuwepo, Mkuu."

"Mkuu yupo hata asipokuwepo! Desturi ya hapa huijui? Jina la Mkuu hutangulia. Mwaka jana andiko la Nungunungu kuhusu kuchomwa na miiba lilianza na jina la nani?"

"Lako, Mkuu."

"Na mimi nina miiba?"

"Huna."

"Basi!"

Huku akisema hivyo, mkonga ulikuwa umechomoa jani la mwisho. Tafu, tafu, tafu.

"Mkuu! Hayo ni marejeo!"

"Ahaa. Marejeo mazuri sana haya. Yana maji maji." Akameza. "Sikiliza, mdogo wangu. Bila jina langu mbele, muhuri huupati. Na Pango Kavu linanifaa sana, nitaweka mabungo yangu. Mvua imeniozeshea kapu zima."

Mabungo! Wagonjwa walowe, matunda yakae pakavu! Bi Pimbi alitoka pale moyo unamuuma. Hajafika mbali, akamkuta Mzee Kiboko amejaa njia nzima.

"Nasikia kuna andiko linapachikwa majina," akasema Kiboko. "Na langu liwemo."

"Umefanya nini, Mzee Kiboko?"

"Nimefanya nini? Ulipokuwa unaandika kando ya dimbwi langu, mimi sikupiga miayo siku nne! Unajua mdomo huu ukinyimwa miayo unavyouma?"

Kichakani kukasikika varakacha! Bwana Kifaru akachomoza, akausemesha mti akidhani ni Bi Pimbi. "Na mimi! Umepita njia yangu mara tisa na sikukukanyaga. Huo si mchango?"

"Niko huku, Bwana Kifaru."

"Eeh, huko huko. Niandike."

Basi orodha ikawa hivi: Tembo, Kiboko, Kifaru, halafu chini kabisa, pale jani linapojikunja, Pimbi.

Alipofika nyumbani alilia. Aliyefanya kazi masika matatu hakustahili kona ya jani, nami kila nikisimulia hapa hasira hunipanda. Alilia mpaka sufuria ya shubiri ikafurika jikoni, bwata bwata bwata! Akakurupuka kuipunguzia moto, na macho yake yakaangukia lile sharti la Bibi Kobe: kila mwandishi aseme alifanya nini.

"Kuchuma shubiri, mimi," akahesabu. "Kuchemsha, mimi. Kupima, mimi. Kuhesabu kwik, mimi. Wakubwa zangu watasema walifanya nini? Kazi zote zimekwisha."

Akaitazama sufuria. Sufuria nayo ikatoa povu moja, pwii.

"Heee!" akasema Bi Pimbi, machozi hayajakauka. "Kumbe imebaki moja!" Akachukua kalamu, akaongeza mstari kwenye andiko.

Kesho yake akawaita wakubwa wote watatu chini ya kivuli, akawatandikia mikeka. "Wakubwa zangu, kabla ya sahihi, sharti msome."

"Kusoma?" Tembo akashtuka kana kwamba ameambiwa aruke kamba. "Soma wewe. Sisi tutasikiliza."

Bi Pimbi akakohoa, akaanza na jedwali. "Jumatatu, mgonjwa wa kwanza, kwik kumi na saba. Mgonjwa wa pili, kwik kumi na nane. Mgonjwa wa tatu, kwik kumi na saba na nusu. Jumanne, mgonjwa wa kwanza, kwik kumi na sita..."

Hajafika Alhamisi, Kiboko huyo, khorooo! Ijumaa, Kifaru akaitika, fyuuu! Jumamosi, Tembo akamalizia, mbrrrr! hata majani ya mti yakapukutika.

Bi Pimbi hakubadili sauti. Akaendelea vilevile, kama anayembembeleza mtoto: "Ili kuthibitisha dawa hii, waandishi wote wanne wataionja hadharani mbele ya Mhariri, kila mmoja kwa uzito wake. Atakayekataa atalifuta jina lake kwa mkono wake mwenyewe." Kisha akapaza: "Wakubwa zangu, mmekubali?"

"Enh? Nini? Tumekubali!" Tembo akafuta udenda. "Imekwisha?"

"Bado majani kumi na moja, Mkuu. Mtayasoma wenyewe?"

"La, la, la! Mkubwa hasomi. Mkubwa hutia sahihi. Leta!"

Tembo akakanyaga jani, puu! Kiboko akapaka tope, pwata! Kifaru akainamisha pembe atoboe tundu lake, akapitiliza jani, akamfikia Kiboko makalioni.

"Aiii! Hilo siyo andiko!"

"Samahani. Nilihisi laini."

Na muhuri ukagongwa, ga!

Siku ya kuwasilisha ikafika. Wanyama wa mwitu mzima walijaa uani kwa Bibi Kobe. Tembo alikuwa amekuja na makapu yake ya mabungo kabisa, ili akitoka hapo apitilize pangoni.

"Shikamoo, Bibi Kobe!" wakasema wote.

Bibi Kobe akafungua jani la kwanza. "Dawa..." Akafumba macho. Nzi akatua kichwani pake, akapumzika, akaondoka. "...ya..." Kuku mmoja akataga yai. "...kwikwi."

Jua likapanda, likafika utosini. Waandishi wakubwa wakapiga miayo, na Kiboko alipiga ya siku nne zote. Hapo Bibi Kobe akalifikia lile jani lenyewe. Akasoma neno kwa neno, "wataionja... hadharani... kila mmoja... kwa uzito wake." Akainua shingo.

"Marahaba," akasema kwanza. Halafu: "Leteni dawa."

Mapipa yakaviringishwa, gulugulu gulugulu! Ukoo mzima wa pimbi ulikuwa umechemsha shubiri siku tatu. Pipa moja likawekwa mbele ya Kifaru. Mbele ya Kiboko, pipa moja na ndoo. Mbele ya Tembo, moja, mbili, tatu. Mbele ya Bi Pimbi, kijiko. Nzi yule wa Bibi Kobe akapita juu ya mapipa, akaanguka chali.

Bi Pimbi akanywa kwanza. Uso ukajikunja, macho yakapotea, sikio moja likalala. "Chungu," akasema kwa sauti nyembamba, "lakini ni yangu."

"Bwana Kifaru," akaita Bibi Kobe.

"Mimi macho yangu mabovu, Bibi. Siku ile nilidhani natoboa andazi. Kalamu iko wapi?" Akalifuta jina lake, na la Kiboko kidogo.

"Mzee Kiboko."

"Huyo Kiboko aliyeandikwa ni mwingine, Bibi. Binamu yangu. Tunafanana sana."

"Tope hili ni la dimbwi gani?"

Kiboko akalitazama tope. Akalitazama pipa. Akaitazama ndoo ya nyongeza. "Leta kalamu," akasema, akamaliza kulifuta.

"Mkuu wa Waganga."

Tembo alisimama. Aibu upande huu, shubiri upande ule, na katikati makapu ya mabungo. Akajipiga kifua. "Tembo haogopi kijiko!"

Akazamisha mkonga ndani ya pipa la kwanza, akavuta, fyooooonza! Pipa likashuka nusu. Kwa kitambo hakikutokea kitu, maana mkonga ni mrefu na ladha ilikuwa bado njiani. Halafu ikafika.

PRRRRUUUUU!

Shubiri ilipaa juu ikawashukia Kiboko na Kifaru midomo wazi, wakapata dozi yao bila kuandikiwa. Tembo alizunguka ua mara mbili, masikio yakipiga pa! pa! pa! akipiga kelele: "Futa! Futa jina langu! Futa na la mjomba wangu!"

"Kwa mkono wako mwenyewe," akasema Bibi Kobe bila haraka.

Akalifuta, machozi yanamtiririka mpaka kwenye mkonga. Kwenye jani likabaki jina moja, dogo, pale chini pembeni.

Bibi Kobe akasoma majani yaliyobaki, na wote wakangoja, wengine wakapata wajukuu. Alipomaliza akatamka: "Limekubaliwa. Ila kuna sahihisho dogo. Marejeo yako wapi?"

Wanyama wote wakamtazama Tembo. Tembo akatazama mawingu.

"Mkuu aliyapenda sana, Bibi," akasema Bi Pimbi. "Nitayaandika upya."

Basi Bi Pimbi akapewa Pango Kavu, wagonjwa wakakaa pakavu, na vifaranga wakaacha kutetemeka. Alifurahi mno, na mimi pia.

Ikawa siku moja anatibu, akasikia nje KWIK! Mawe yakatikisika. KWIK! Sufuria zikaanguka. Akachungulia mlangoni. Kwenye foleni, nyuma ya kifaranga mmoja, alisimama Bwana Tembo. Fadhaa ya siku ile ilikuwa imemwachia kwikwi, na alikuwa amezificha nyumbani mpaka paa lilipoanguka.

"Shika-KWIK!-moo, daktari," akasema Tembo, mkubwa mzima, akimwamkia mdogo.

"Marahaba, Mkuu. Kipimo unakikumbuka?"

"Si-KWIK!-kikumbuki."

"Kimeandikwa. Kwenye lile andiko ulilotia sahihi."

Akampa andiko. Tembo akaketi akalisoma, safari hii lote, kuanzia jani la kwanza hadi marejeo mapya, wala hakutafuna hata ukingo. Alipofika penye kipimo, akavua kofia yake ya ukuu, akayavuta mapipa yake matatu, akayanywa moja moja.

Nami nawaacha hapo hapo mlangoni pa pango, siingii ndani kwa ile harufu, ila neno langu ni hili: ukitia sahihi usichokisoma, utakunywa usichokipika.