Kiboko Aliyeotesha Ndevu

Sogeeni karibu, wajukuu. Mbelwa, acha kumfinya mwenzio. Midomo ifungwe mpaka niwaite. Haya, paukwa!

Pakawa!

Pakawa nini?

Mlima!

Mlima una nini?

Ndevu!

Palikuwa na Mama Pimbi, mdogo kama kiazi, kanga kiunoni. Shamba lake la maharage lilikuwa bondeni, kando ya kijito kilichotoka msituni, juu mlimani. Maharage yale ndiyo chakula cha watoto wake, hakuna kingine.

Chini zaidi, bwawani, alikaa Kiboko. Siku moja huyo anapanda mlima na shoka, puu! puu! puu!

"Mjomba, wapi tena na shoka?"

"Kufyeka msitu! Miti imekalia maji yangu. Inanipa kidogo kidogo, to, to, to. Mimi nataka yote leo!"

Mama Pimbi akayaona moyoni maharage yake yanakauka. Msitu ukiondoka, mvua itashuka mara moja, bwaaa, na udongo wote, kisha kijito kife. Lakini umwambie Kiboko hivyo, akusikie? Masikio yenyewe kama njugu!

Akamfuata hadi msituni, akachuma ile mimea inayoning'inia matawini, akaikamua. To, to, to.

"Umeona, mjomba? Maji yanakaa kwenye ndevu za miti. Ukungu ukipita, ndevu zinaudaka. Sasa wewe, mtu mzima, kidevu kitupu kama sufuria! Ungekuwa na ndevu, maji yote yangetoka kwako."

Kiboko akajipapasa kidevu. Aibu!

"Zinaoteshwaje?"

"Kwa tope na kivuli. Kivuli kikipungua, zinanyauka."

Akampaka tope, akambandika ndevu, akamkalisha chini ya miti. Shoka likabaki majanini.

Asubuhi Mama Pimbi anapita: "Zimeota?"

"Bado kidogo."

Jioni anapita: "Zimeota?"

"Bado kidogo, usinitikise!"

Akaja Nyati na panga lake. Kiboko akaruka, puu! "Toka! Unanipunguzia kivuli! Huoni nalea ndevu?" Nyati akatimua mbio, panga kalitupa.

Kijito kikatiririka, maharage yakajaa vyungu. Kiboko naye akilamba tone la kidevuni anacheka: "Maji yote yangu!"

Hadithi nimeitua hapo, mwenye kichwa ajitwishe.

Fundisho: wajukuu, msimdanganye mkubwa hata siku moja. Ila kama una maharage shambani, mdanganye kidogo.

Kijito wakarithi watoto wa Pimbi. Mpini wa shoka wakarithi mchwa. Kiboko akarithi vile vinywele vichache vya mdomoni, na ukimuuliza leo, atakwambia bado kidogo.