Jani Halina Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Na nyinyi wazazi huko nyuma, msijifanye mmewasindikiza watoto tu. Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado hawajampata shetani wa kumsingizia, Kanga alitaga majanini, chini ya mti wa Tumbili. Tumbili ndiye mlinzi wake. Mwewe akitokea, Tumbili hulia, "Kwe! Kwe!" Kanga hufunika mayai. Mwewe huenda zake.

Siku moja akaja Mzee Kenge, jani mdomoni.

"Onja, mjukuu wangu."

"Nitalewa, babu."

"Kuonja si kula."

Tumbili akaonja. Kichwa kikawa chepesi kama unyoya. Kesho yake akaonja. Kesho kutwa akaonja. Halafu jani likakosekana, mwili ukamtetemeka, te-te-te.

"Babu, nipe nionje."

"Niletee yai."

Akaiba yai, akaonja. Akaiba jingine, akaonja. Likabaki moja, na Kanga amelilalia, haondoki, hata kula hali.

"Inuka, mama."

"Niinuke niende wapi, mwanangu? Si wewe mlinzi wangu?"

Tumbili akaokota gongo. Pwaa! Bawa likavunjika. Yai likachukuliwa.

Wanyama wakakutana mbele ya Nyati, hakimu wao. Kenge alikaa mbele, pamoja na wazee wenye heshima zao.

"Si mimi," Tumbili akalia. "Ni jani."

"Jani lilaaniwe!" Kenge akapaza sauti. "Vijana wa siku hizi!"

Kanga akasogea, bawa analiburuta.

"Jani halina mkono, Tumbili. Ulionivunja ni mkono wako."

Tumbili akainamisha kichwa.

"Tena jani halina miguu. Nani alilileta mtini?"

Wazee kadhaa wakatazama kucha zao. Mara Kenge akapiga mbweu, bweee! Harufu ya yai ikaenea baraza zima.

Nyati akaamua. Kenge akatimuliwa mpaka mtoni. Tumbili akarudishwa mtini, alinde bila jani, atetemeke wote wakimwona. Akatetemeka. Akapona. Analinda hadi leo.

Lakini akilia "Kwe!", Kanga hatazami juu kumtafuta mwewe. Hutazama kwanza mikono ya Tumbili.

Basi sikieni, wadogo kwa wakubwa: ulevi humtuma mtu, lakini mkono unaopiga ni wake, na anayeugawa ulevi naye amepiga, hata kama amekaa mbele barazani.

Hadithi yangu imefika hapo, wala sina ya pili ya kuilainisha.