Ukuta Aliojengewa Nakiete

Hadithi hii nimeletewa na rafiki, nami nakuletea wewe. Isome taratibu, kisha mpe mwingine, hasa kama ni mtu mwenye cheo mahali.

Katika mji mmoja wa milimani aliishi fundi mwashi aliyeitwa Mzee Semvua. Alikuwa mwenyekiti wa chama cha mafundi ujenzi, na hakuna aliyekipenda chama kile kuliko yeye.

Alikuwa na sababu. Ujanani mwake mafundi walifanyishwa kazi kama punda. Tajiri alilipa akijisikia, na fundi akianguka kutoka juu, alirudishwa kwao kwa machela na kazi ikaendelea. Tena kila aliyeweza kushika mwiko alijiita fundi, na nyumba zilipasuka kabla hazijapakwa rangi. Semvua na wenzake waligoma. Walilala rumande, wake zao wakalala njaa, mpaka halmashauri ikakubali: hakuna atakayejenga mjini bila leseni, na leseni itapitia kwenye chama.

Mambo yakawa mazuri. Mafundi wakalipwa kama watu, na majengo yakasimama.

Lakini polepole chama kikaonja utamu wa kuwa wachache. Siku moja mwanachama alisimama mkutanini akasema, "Jamani, tukiwa wengi bei itashuka." Wakampigia makofi, na Mzee Semvua naye akapiga. Tangu hapo, kila aliyekuja kuomba kufundishwa aliambiwa nafasi zimejaa. Mafundi wengine walizeeka, wengine wakafa, na nafasi zikaendelea kujaa.

Gharama ya kujenga ikapanda mpaka mtu wa kawaida akabaki kuangalia nyumba za wenzake.

Binti yake Mzee Semvua, Nakiete, alikuwa mshona nguo. Alifiwa na mumewe akiwa bado kijana, akawa anaishi na watoto wake katika chumba cha kupanga. Mali yake ilikuwa kiwanja kidogo kwenye mteremko nyuma ya soko. Siku moja alikuja kwa baba yake.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso umekunjamana?"

"Nimekwenda kwa mafundi wako. Kwa bei waliyonitajia, hata nikishona mpaka nipofuke sitaifikia. Niombee wanipunguzie."

"Bei ni ya chama, Nakiete. Nikiivunja kwa ajili yako, kesho nitamwambia nini mtoto wa mwenzangu?"

"Basi nijengee wewe."

"Na mgongo huu? Hata ningeweza, ingekuwa ni kuivunja bei ile ile. Vuta subira."

Nakiete aliinamisha kichwa. "Sawa, Baba."

Hakurudi tena kuomba. Miezi ikapita, Mzee akasikia kwamba binti yake amehamia kwenye kiwanja chake. Alipomwambia atakwenda kupaona, Nakiete alijibu, "Bado sijapanga vyombo, Baba. Nitakuita." Kila alipouliza, vyombo vilikuwa bado havijapangwa.

Moyoni Mzee alijua. Alijua kwamba hakuna fundi wa chama aliyekanyaga pale. Lakini angekwenda, angeona. Na akishaona, angelazimika kumshtaki aliyejenga. Kwa hiyo hakwenda.

Masika ya mwaka ule mvua ilishuka bila kupumzika. Asubuhi moja Nakiete alikuwa jikoni, upande wa mlimani, akikoroga uji wa watoto. Ukuta uliozuia udongo wa mteremko ukamlalia. Watoto walikuwa chumba cha mbele, wakasalimika. Majirani walichimba kwa majembe na kwa mikono. Walipomtoa, alikuwa ameshakata roho.

Baada ya mazishi, Mzee Semvua alikwenda kwenye kifusi peke yake. Alikuta mtu amekaa juu ya tofali, mtu mzima, nguo zake zimetapakaa tope.

"Wewe ni nani?"

"Naitwa Kajiru, Mzee. Mimi ndiye niliyejenga."

Mzee alimkunja shati, akamwinua. "Na bado unathubutu kukaa hapa!"

"Niende wapi?"

Mzee alimwachia. Aliinama akageuza vipande vya ukuta kimoja kimoja. Tofali zilikuwa nzuri. Saruji ilikuwa ya kutosha, haikuibiwa hata koleo moja. Kisha akavirudia vipande vya chini.

"Matundu yako wapi?"

"Matundu gani, Mzee?"

"Matundu ya kutolea maji! Ukuta unaozuia mlima huachiwa matundu chini, maji yapite. Usipoyaacha, udongo unalowa, unakuwa mzito, unausukuma. Kila fundi anajua!"

Kajiru alitazama kifusi kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya msiba.

"Mimi sikujua," alisema. "Nilijifunza kwa kuchungulia majengo ya watu nikiwa nje ya uzio. Matundu sikuyaona. Nilikuja kwako, Mzee. Nilikuja nikiwa na barua ya mchungaji wetu, nikakuomba unifundishe. Nikarudi mwaka uliofuata. Ulisema nafasi zimejaa."

Mzee Semvua alimkazia macho, akitafuta kuikumbuka sura ile. Hakuikumbuka. Walikuwa wamekuja wengi mno.

Kajiru alifungwa. Mzee alisimama mahakamani kumwombea, lakini hakimu alimjibu kwa upole kwamba kujenga bila leseni ni kosa, na aliyekufa amekufa.

Akaenda kwenye chama. Wanachama walisimama kumpa pole, wengine wakalia naye. Kisha akasema, "Tufungue milango. Tuwafundishe hawa watu. Watajenga tu, tutake tusitake, kwa sababu wananchi hawaiwezi bei yetu."

Makamu wake alikohoa. "Mwenyekiti, uchungu wako tunauelewa. Lakini msiba huu unaonyesha kwamba wasio na leseni wadhibitiwe zaidi."

Wakanyoosha mikono kumkubali makamu. Mkono wa Mzee tu ndio uliobaki chini.

Aliacha uenyekiti siku ile ile. Aliwaza kuwafundisha vijana uani kwake, lakini sheria aliyolala rumande kuipigania ilikataza fundi kufundisha nje ya chama. Huko mteremkoni nyumba zikaendelea kuota, na hakuna aliyethubutu kumwita azikague.

Wajukuu wakahamia kwake. Mdogo wao, Nangasu, alikataa kulala kitanda kikiwa karibu na ukuta. Mzee alikivuta mpaka katikati ya chumba, akamfunika shuka.

"Babu, huu ukuta ni mzima?"

"Ni mzima, mjukuu wangu. Niliujenga mwenyewe."

Mtoto aliutazama ukuta, akamtazama babu yake.

"Mama pia alituambia ule ni mzima."



Funzo: Sheria iliyowekwa ili kuwalinda watu, ikigeuzwa kuwa uzio wa kulinda riziki ya wachache, haiondoi hatari, inaisogeza tu mpaka kwa wasioweza kulipa, na siku moja miongoni mwao atakuwemo mtoto wako.